Mkwe Alipokula Kete ya Mama

Tangu ziwa lipande, nyumba ya mjomba huku juu Uvira imejaa. Tanganyika ina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga kule Kalemie, na mvua zikizidi, mto huo haufui dafu. Maji yaliingia nyumbani kwetu Kalundu, tukahamia kwa mjomba sote: mama, dada yangu, mumewe na watoto. Sebule moja, ludo moja.

Ubao mjomba aliuchora kwenye kipande cha tripleksi: nyumba nne pembeni, njia ya vyumba 52 kuzunguka. Kete ni vifuniko vya chupa vilivyopakwa rangi ya kucha. Bila sita hutoki, ukiliwa unaanza upya, na kula ni lazima. Sheria hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa kesi.

Umeme ulikuwa umekatika, dada anakaanga ndagala kwenye mbabula karibu na mlango. Shemeji akarusha dadu, ikalala nne. Mbele ya kete yake, hatua nne kamili, ilikaa kete ya mama, imebakiza vyumba viwili iingie njia yake ya mwisho ambako hailiwi tena.

Shemeji alinyamaza. Kwetu mkwe hata kumtazama mama mkwe usoni anapima. Amle mbele ya watoto?

"Mama, naona nisogeze hii nyingine."

"Kwa nini?"

"Ni heshima, Mama."

"Heshima gani? Mimi mtoto? Kula, mkwe wangu."

Nilimwelewa sana. Tangu tuhame, kila mtu humpisha mama: kiti chake, kitanda chake, hata maji ya kuoga huyakuta yamepashwa. Jikoni hashiki mwiko. Pale kwenye ubao tu ndipo alipobaki mtu mwenye lake la kushinda na kushindwa, na sasa hapo napo wanataka kumpisha.

Shemeji akala. Watoto wakashangilia, mdogo wao akaruka, goti likapiga ubao, dadu ikabiringika hadi ndani ya mbabula. Dada alipoiopoa kwa mwiko, upande wa sita ulikuwa uvimbe mweusi. Ndagala zilinuka plastiki. Tulizimwaga, tukala bugali kwa sombe ya mchana.

Mama hakukubali mchezo uishie hapo. Mjomba akakumbuka kwamba kwenye pachisi, mchezo wa India ambao Waingereza waliugeuza kuwa ludo mwishoni mwa karne ya 19, watu hurusha simbi. Simbi tutazitoa wapi? Akachukua muhogo mkavu, akachonga dadu, akatia nukta kwa mkaa, pande zinazotazamana zikijumlisha saba. Lakini kisu hakikukata sawa, upande mmoja ukawa mzito, na sita ikawa inakuja ovyo. Ubao ukajaa kete, zinalana kila kona. Mama alimla shemeji, akamla tena, na shemeji akamrudishia bila kuomba radhi. Nilikuwa sijawahi kuwasikia wakibishana kwa sauti. Walibishana hadi mshumaa ukaisha.

Asubuhi panya walikuwa wametafuna dadu nusu. Shemeji anavaa viatu aende sokoni, mama akamwita kutoka chumbani:

"Mkwe, lete dadu mbili. Na ubao mtu asiuguse, kete zangu nazijua zilipo."