Kwa Waziri wa Michezo, Kinshasa: Upanuzi Tumeuona, Sasa Tunaomba Mfereji

Mheshimiwa Waziri,

Kwanza pokea pongezi zetu. Hapa Bunia ubishi haujaisha: viwanja vya vyuo vyetu vilivyochakaa viongezewe majukwaa, au vikarabatiwe kwa ukubwa wake uleule? Sisi tukiwa bado tunabishana, Serikali ilishakata shauri. Mwezi Julai 2025 ilitangaza mkataba na klabu ya Barcelona, misimu minne, zaidi ya euro milioni 40 kama vyombo vya habari vilivyoripoti, ili jina la nchi yetu likae mgongoni mwa fulana za mazoezi. AC Milan na Monaco nao hawakusahauliwa. Barcelona, kwa bahati njema, wamo katika kuupanua uwanja wao wa Camp Nou ufikie watu wapatao 105,000. Sisemi saruji ya kule imenunuliwa kwa pesa yetu. Mkataba ni wa matangazo. Nasema tu kwamba kwa upande wa kupenda viwanja vikubwa, hakuna wa kutulaumu.

Tumeelezwa kuwa faida itarudi kwa njia ya utalii. Haya. Mtalii atakayesoma fulana akatamani kumwona okapi itabidi aje kwetu Ituri, hadi Epulu, kwenye hifadhi ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 1997 na ambayo kituo chake kilivamiwa mwaka 2012, okapi 14 wakauawa. Fulana haina kosa lolote, ila haimsindikizi mgeni barabarani.

Nirudi kwenye ubishi wetu. Wanaotaka upanuzi wana hoja ya kweli: vyuo viwili vikikutana, watazamaji husimama hadi wanakanyaga mstari wa pembeni. Lakini ukubwa peke yake haujawahi kumlinda mtu. Stade des Martyrs ya Kinshasa ilijengwa kwa ajili ya watu wapatao 80,000, na bado usiku wa tarehe 29 Oktoba 2022, kwenye tamasha la Fally Ipupa, watu 11 walipoteza maisha katika msongamano. Kule Lubumbashi, uwanja wa Kamalondo unachukua kama 18,000 tu. Ndipo TP Mazembe walipowafunga USM Alger tarehe 8 Novemba 2015 na kutwaa ubingwa wa Afrika. Aliyekosa kiti siku ile alisikiliza redioni, na kombe lilikuwa lilelile.

Tatizo la kiwanja cha chuo liko chini, si juu. Mvua ikinyesha, maji hutuama mbele ya goli, palepale kipa anapokanyaga kila siku mpaka pamechimbika. Januari ikifika na jua lake, shimo hilohilo hugeuka vumbi, na chokaa ya mistari hupeperuka kabla ya kipindi cha pili, ndipo refa analazimika kuhukumu kona kwa kumbukumbu. Kuzungushia shimo hilo majukwaa mapya ni kuongeza idadi ya mashahidi. Naelewa kwa nini majukwaa yanapendwa: jukwaa lina utepe wa kukata, lina bamba la jina, lina kiti cha mbele cha mgeni rasmi. Mfereji wa maji hauzinduliwi. Ukifanya kazi vizuri, hakuna hata anayekumbuka kuwa upo.

Kuna watakaosema, na wengine wao ni watu wema, kwamba jimbo lililo chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei 2021, lenye kambi za waliokimbia makwao hadi pembeni mwa mji, halina haki ya kuzungumzia mpira. Wakimbizi kwanza. Nakubali kabisa, na ndiyo sababu siombi jukwaa. Ninachoshangaa ni kwamba hoja hii hukumbukwa tu Bunia inapoomba; siku ya kutia sahihi na Wazungu haikuitwa mkutanoni. Kama shida za Ituri ndizo kipimo cha matumizi, kipimo hicho kitumike pia kwa milioni 40. Na kama tatizo ni kwamba pesa haiwezi kutoka bila tangazo, vijana wetu wataliandika jina la Kongo mgongoni bure.

Ombi letu basi ni mifereji, milango inayofunguka kwa nje, vyoo vyenye maji, na mshahara wa mtu mmoja kwa kila kiwanja, akitunze mwaka mzima na si wiki ya ziara tu. Majukwaa yasubiri. Mvua za Machi haziko mbali, Mheshimiwa. Tunaomba jibu kabla hazijaanza.

Wako mtiifu,
Mlipa kodi wa Bunia