Mwongozo wa Kutoboa

Vijana wa siku hizi wakisema wanataka kutoboa, wanamaanisha maisha. Mwongozo huu ni wa wale wenye tamaa ndogo zaidi, wanaotaka kutoboa boksi.

Tuseme umemtengenezea shangazi yako kidhibiti cha pampu ya maji: bodi yenye chipu ya ATmega328P, rilei moja, na waya za kupima maji kwenye tanki la juu. Kimekaa mezani wiki tatu bila kukosea. Sasa unakitia ndani ya boksi la plastiki la mafundi umeme, lile la kijivu. Hatua ya kwanza, ambayo karibu sote tumeifuata kwa uaminifu, ni kutoweka kabisa soketi ya kupakia programu. Ya nini, wakati programu imekwisha? Kaza skrubu nne, zungushia silikoni mvua isiingie, panda ngazi, funga boksi ukutani. Shuka, pokea chai.

Programu itaendelea kuwa imekwisha mpaka Jumanne. Jumanne umeme utakuwa hafifu, pampu itasukuma maji kwa uvivu, na ule ukomo wa dakika kumi ulioandika kwa kujiamini utaizima tanki likiwa nusu. Cha kubadilisha ni namba moja tu. Iko ndani ya silikoni.

Basi umejifunza, na safari hii utaweka soketi: pini sita, safu mbili za tatu tatu, na kutoka pini hadi pini ni milimita 2.54. Namba hiyo ni sehemu ya kumi ya inchi, ndiyo maana rula yako ya shule inaikana. Kadiria kwa macho, shika drili. Bodi iache humo humo ndani, ili unga wa plastiki upate pa kulala. Boksi likiwa la bati ni bora zaidi, maana vipande vya chuma vitajua vyenyewe nyaya zipi za kuunganisha. Tundu litatoka duara, kwa kuwa keekee haijui umbo jingine, na soketi yako ni mstatili. Utatafuta tupa. Ukikosa tupa utachukua kisu, na ukikosa subira utayeyusha plastiki kwa chuma cha kulehemu, jambo ninalolipendekeza kwa yeyote asiyependa ncha ya chuma chake wala mapafu yake. Fundi mzee atakwambia ubandike utepe wa karatasi keekee isiteleze, utoboe vitundu kwenye pembe, kisha umalizie taratibu kwa tupa bapa huku ukijaribisha soketi kila baada ya misuguo michache. Usimsikilize, ana muda mwingi huyo.

Soketi ishike kwa gundi moto. Chini ya paa la bati saa nane mchana gundi hiyo hulegea, na siku utakapochomeka plagi, soketi nzima itaingia ndani ya boksi kama kobe anayerudisha kichwa. Skrubu mbili na kibati cha kushikilia zingezuia hilo, lakini zingekuchelewesha chai.

Sasa tufike kwenye uhondo wenyewe: kuunganisha waya. Mchoro ulionao unaonyesha soketi kwa mbele. Wewe unalehemu kwa nyuma. Mkono wa kulia wa mchoro ni wa kushoto kwako, na hakuna aliyewahi kulikumbuka hilo saa tano usiku. Ukiwa umeishika soketi wima, utabadilisha safu kwa safu: volti 5 (VCC) zitafika kwenye MISO, pini ya data, na GND, yaani hasi, itafika kwenye RESET. Ukiwa umeilaza, utapata zawadi kubwa zaidi, maana VCC na GND zitapishana, na kwa kawaida chipu iliyolishwa umeme kinyume huaga kimya kimya, bila hata moshi wa kukufariji. Mwenye wasiwasi angechukua mita, angeiweka kwenye mlio, na kufuata kila pini mpaka kwenye mguu wake wa chipu. Angepaka tone la rangi ya kucha kwenye pini ya kwanza, na angenunua soketi yenye ukuta na pengo, ambayo plagi haiwezi kuingia kinyume. Huyo hatuna la kumfundisha.

Hapa naacha mzaha kidogo. Kama umeme wa bodi yako unatoka kwenye zile saketi za bei nafuu zisizo na transfoma, basi GND yako imeungana moja kwa moja na umeme wa nyumba, wa volti 230. Soketi uliyoitoa nje inaweza kumuua mtu, na kompyuta utakayoichomeka itatangulia. Tumia chaja iliyotenganishwa vizuri, na zima swichi kuu kabla ya kugusa chochote. Haya, turudi.

Umechoka kupanda ngazi? Nunua kebo bapa ya mita tatu, ukae kivulini upakie programu kutoka chini. Mawimbi ya saa yatafika juu yamechakaa, na kompyuta itakataa katakata kwamba kuna chipu yoyote huko. Utailaumu chipu. Utanunua nyingine, ambayo ikitoka kiwandani hutembea kwa megahezi 1, na kwa hiyo haimwelewi mtu anayezungumza nayo kwa zaidi ya robo ya kasi hiyo, yaani kilohezi 250. Utailaumu na hiyo. Kebo ya sentimita 15 na mpangilio wa polepole vingemaliza kesi.

Likibaki tundu wazi, nyigu wa udongo watalipenda, maana ukubwa ule ule ndio wanaoutafuta kwa kujenga. Shangazi yangu ameliziba la kwake kwa kizibo cha chupa ya dawa ya kikohozi. Nikifika na begi la kompyuta, hata kabla sijavua viatu:

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Ngazi iko pale pale. Imekwisha lini tena?"