Mpeni nishani tajiri wa basi

Yupo tajiri mmoja wa mabasi ya Tabora–Kigoma anayesemwa vibaya bure. Eti hajazi dizeli mpaka basi lizime lenyewe. Kwani kujaza mapema si woga?

Tena anatoa elimu bila ada. Basi likizima mbele ya Kaliua, abiria wote hujifunza kuwa dumu la lita 20 peke yake halitoshi; mfumo umeshavuta hewa. Utingo hulegeza skrubu juu ya filta, hupampu kwa kidole gumba, linatoka povu, povu, povu, ndipo dizeli. Kisha nati za nozeli, kisha selfu, mpaka betri nayo iombe likizo. Hata uchafu wa chini ya tangi, uliokaa miaka bila kazi, hatimaye unapata safari.

Mwaka 1871 mvumbuzi Stanley alitoka Tabora, akazunguka kusini kumkwepa mtemi Mirambo na bado akafika Ujiji kwa miguu. Sisi abiria, basi likigoma kuwaka, raha hiyo ya kutembea porini, mizigo kichwani kama wapagazi, tunaipata kwa nauli tu.

Tajiri mwenyewe husafiri kwa ndege. Ajabu, rubani hujaza tangi kwanza. Hajui kubana matumizi, maskini.