Shangazi Ampuli Anajibu: Taa za Uani na Wanaozilaumu

Juma hili barua zote zimeleta shida moja: taa za sola zenye sensa, zile zinazojiwasha mtu akipita. Karibu kila parseli ya Songo, hapa kwetu Uvira, sasa ina moja ukutani, na karibu kila mwenye nayo amegombana nayo. Wenye shida za ndoa wangoje zamu yao, isipokuwa mmoja ambaye ndoa yake imeingia ndani ya taa.

*Shangazi, nilinunua taa ya wati 300. Imeandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa. Ikifika saa tatu ya usiku, iko maiti. Muuzaji anasema jua la Uvira ni dhaifu. Nimshitaki? — Papa Giza, Songo*

Papa Giza, jua la Uvira usilisingizie. Chukua rula. Plake ya taa yako, kwa jinsi ulivyoichora kwenye barua, ina sentimita 10 kwa 10. Jua la saa sita mchana, mbingu ikiwa safi, huangusha nguvu ya wati 1,000 hivi kwenye mita moja ya mraba. Juu ya hako kaplake kako zinaanguka wati 10, na plake nzuri hushika kama sehemu moja kati ya tano. Umebaki na wati 2. Ukipata saa tano za jua kali umeweka akiba ya wati-saa 10, na zikishapotea zinazopotea njiani, batri inalala na kama 7. Taa ya wati 300 ingezilamba hizo kwa dakika moja na nusu. Yako imefika saa tatu ya usiku! Mshukuru muuzaji kwa kukudanganya, maana angekuuzia wati 300 za kweli usingemaliza hata kufunga mlango.

Anayetaka kuijua taa aache boksi, aangalie batri. Nyingi zina ile batri ya duara yenye upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Batri ya namna hiyo, hata itoke kiwanda gani cha heshima, haivuki sana miliampea-saa 3,500. Ukiona imeandikwa 9,900, rudisha mahali ulipoitoa, hasa ikiwa nyepesi mkononi. Kuna aina nyingine, ya lithiamu na fosfeti ya chuma, volti 3.2. Hiyo hubeba akiba ndogo zaidi lakini huvumilia joto na hudumu miaka mingi kuliko nduguye. Kwa joto letu, mimi ningechukua hiyo.

Lakini nusu ya kosa ni lako, Papa. Taa hizi zina kitufe chenye hali tatu: kuzimika mpaka mtu apite, kuwaka hafifu na kung'aa mtu apitapo, au kuwaka moja kwa moja. Wewe umeiweka kwenye ya tatu ili majirani waone. Taa inayokula wati 3 bila kupumzika humaliza wati-saa 7 kwa saa mbili na dakika 20. Ikiwaka sekunde 30 tu kila mtu anapopita, akiba hiyohiyo inatosha mara 280. Hata ukiwa na mashemeji wasiojua kulala, hawawezi kupita mara 280.

Tena tazama ulipoifunga. Sisi tumebanwa kati ya ziwa na milima ya Mitumba, na jua letu linaingia nyuma ya mlima wakati wenzetu wa Bujumbura bado wanaliona. Plake inayotazama mlimani inashinda njaa asubuhi na inafunikwa na kivuli mapema jioni. Ielekeze ziwani, na iiname kidogo ili mvua ioshe vumbi. Bora zaidi ni taa ambayo plake yake iko mbali kwa waya: plake inapanda juu ya mabati, taa inakaa chini ya paa.

Kushitaki? Nauli ya pikipiki ya kwenda na kurudi inaweza kuwa bei ya batri mpya.

*Shangazi, taa yangu inawaka yenyewe usiku na uani hamna mtu. Mama mkwe anasema ni watu wa usiku wanapita, na sasa ananitazama mimi. Nifanye nini? — Bibi-arusi wa Mulongwe*

Mwanangu, kabla hujaitiwa mchungaji, mpeleke mama mkwe chini ya taa saa mbili ya usiku, muinue macho pamoja.

Kile kifuniko cheupe kama nusu ya yai ni kioo cha plastiki kilichochongwa mistari. Kinaugawa uwanja wako katika vipande, na nyuma yake kuna kijiwe chenye nusu mbili kinachopima joto linalotoka kwenye miili. Joto likihama kutoka kipande kimoja kwenda kingine, nusu moja ya kijiwe inashtuka kabla ya nyingine, na taa inawaka. Sensa haijui zaidi ya hapo. Haioni sura wala nia. Mwizi, mbuzi na mchungaji kwake ni joto linalohama.

Sasa nikuulize: mbabula yako iko wapi? Umeandika kwamba unapika chini ya ukuta uleule. Hewa ya moto ya makaa inapopanda na kuyumba, sensa inaona msafara. Tawi la muembe lililokaangwa na jua mchana, upepo wa ziwa ukilitikisa jioni, nalo ni msafara. Paka wa jirani ni msafara halali kabisa. Na buibui akitembea juu ya kile kioo, kwa sensa ni jitu kubwa. Futa kioo kwa kitambaa laini, hamisha mbabula, kata tawi. Kama taa ina kifundo cha kupunguza wepesi wa sensa, kipunguze.

Halafu isogeze. Sensa humuona vizuri anayekata mbele yake na humuona vibaya anayeijia moja kwa moja, kwa sababu anayeijia anakaa ndani ya kipande kilekile. Watu wengi huifunga juu ya mlango ikitazama lango, yaani wanamkaribisha mwizi aje kwa njia ambayo haonekani upesi. Ifunge ukuta wa pembeni, mita 2 hadi 2 na nusu kutoka chini, ili njia ipite mbele yake kwa upana. Na ujue kwamba jioni ya joto, ukuta wa matofali unapokaribia joto la ngozi ya mtu, macho ya sensa hufifia. Zile mita 8 za boksi zinaweza kuwa 4.

Usikubali wakubadilishie ile ya rada, inayotuma mawimbi na kusikiliza yakirudi. Hiyo hupenya mbao na ukuta mwembamba, itakuwashia kila pikipiki ya barabarani na kila bati linalopigwa na mvua. Tena haipumziki kutuma, kwa hiyo inakula batri. Iwekwe ndani, kwenye korido, kwa mwenye umeme wa uhakika.

Mama mkwe akiendelea kukutazama baada ya haya yote, hiyo si kazi ya sensa.

*Shangazi, mimi ni mfanyabiashara, naenda Baraka kila juma. Nataka sensa isiyo na waya, inayonitumia ujumbe kwenye simu kila mtu anapoingia parseli yangu usiku. Nichague ipi? — Baba Mwenye Wivu, Kimanga*

Kaka, tuanze na chombo, wivu tutaufikia. Sensa yako itazungumza na kisanduku cha wifi ndani ya nyumba. Kati yao kuna ukuta wa matofali na mabati, na mawimbi ya wifi hayapendi vyote viwili, mabati kuliko yote. Kisanduku nacho kinataka umeme. Umeme wa shirika la SNEL unatoka mto Ruzizi, kwenye mtambo ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950 na ule wa pili wa mwaka 1989 tunaogawana na Burundi na Rwanda. Huhitaji mimi nikueleze unavyokuja na kuondoka. Ukiondoka, kisanduku kinazima, na wewe Baraka unalala ukiamini kwamba kimya ni uaminifu. Umeme ukirudi, zinatafutwa mega za intaneti. Na sensa inayoishi kwenye wifi inamaliza batri upesi. Zile zinazotumia redio ya Zigbee badala ya wifi zinakula kidogo sana lakini zinadai kituo chao cha kuziunganisha, nacho kinadai umeme uleule.

Kama unachotaka ni usalama wa nyumba, nunua sensa ya kawaida yenye kengele ya redio: moja nje, kengele ndani, bila intaneti wala simu. Anayelala humo ndiye anayepaswa kuamka. Wewe uliye mbali hata ukipata ujumbe saa nane ya usiku, utafanya nini? Barabara ya Baraka unaijua.

Na kama unachotaka ni lile lingine, sensa itakutumia ujumbe 40 kwa usiku kuhusu paka. Mpigie mke wako, muongee.

*Taa yangu ilikunywa mvua ya kwanza tu, imejaa maji kama bilauri. — Mlowa, Kabindula*

Tafuta herufi IP na namba mbili. Ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 inakaa nje; IP44 inakaa chini ya paa. Isiyo na namba inakaa dukani.

*Taa zetu mbili, yangu na ya jirani, zinatazamana na zinawaka na kuzima usiku kucha. — Rombe*

Moja ikiwaka, nyingine inadhani kumekucha, inazima. Geuzeni moja.

*Shangazi, mimi ni mvuvi wa Kalundu. Nimewaza: nikifunga taa ya sensa kwenye mtumbwi, iwake ndagala wakifika tu, sitaokoa batri? — Mwana wa Maji*

Barua hii nimeisoma mara mbili kwa furaha. Umefikiri kuliko wafanyabiashara wote wa Kimanga. Lakini haiwezekani. Ndagala ana joto la maji anamoogelea, kwa hiyo sensa haina cha kulinganisha. Isitoshe, mionzi ya joto haipiti ndani ya maji hata kidogo, wala haipiti kwenye kioo cha dirisha. Na hata ingepita, umegeuza kazi: ndagala hawaleti mwanga, mwanga ndio unaowaleta ndagala, tena unaokaa muda mrefu bila kukatika, usiku usio na mwezi. Kwenye maji taka batri kubwa na taa isiyo na akili yoyote. Sensa iache nyumbani, ilinde nyavu zikianikwa.

*Kiboko anatoka ziwani usiku kula majani ya bustani yangu. Taa itamfukuza? — Kavimvira*

Haitamfukuza. Faida yake ni wewe kumuona kupitia dirisha na kubaki ndani. Baki ndani.

Kwa wote mnaokwenda sokoni Jumamosi: usinunue taa ndani ya boksi. Mwambie muuzaji aitoe, funika plake kwa kiganja ili idhani ni usiku, pitisha mkono mbele ya kile kioo cheupe, hesabu sekunde inazowaka. Uliza batri inafunguliwa vipi. Kama imegandishwa kwa gundi, taa hiyo ni ya kutupa. Na nunua moja. Ikimaliza majuma mawili ya mvua, rudi ununue ya pili.