Rubani wa Sebuleni

Kijana wangu alipofunga shule aliniuliza, "Baba, si ulisema utotoni ulitaka kuwa rubani?" Nikamjibu ndiyo. Ningejua, ningesema nilitaka kuwa mvuvi.

Programu aliyoniwekea ya kurusha ndege, FlightGear, ni ya bure. Hapo ndipo nilipoingia mkenge. Wiki haijaisha niko Kariakoo nanunua joistiki, kile kijiti cha kushika kama mpini wa jembe, kwa hela ambayo mke wangu, Mama Asha, alinipa ya gunia la mchele. Ugomvi wa mchele nitausimulia siku nyingine, ukiisha.

Ndege yenyewe ni Cessna 172, ile ndogo yenye bawa juu na pangaboi moja puani. Zimetengenezwa zaidi ya 44,000, na dunia nzima wanafunzi wa urubani wanajifunzia hiyo. Nikajipa moyo. Kama wanafunzi wanaiweza, mimi mwenye leseni ya gari tangu 1998 nitashindwaje?

Leseni hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilikilaza kijiti kulia nikate kona, ndege ikanyoosha hadi kwenye majani. Kumbe ukikilaza, vinavyocheza ni vibawa vidogo karibu na ncha za mabawa, kimoja kinapanda kingine kinashuka, na kazi yao ni kuiinamisha ndege upande ikiwa hewani. Chini, kona inakatwa kwa miguu! Pedali ndizo zinazogeuza gurudumu la mbele na usukani wa mkiani, na breki ziko juu ya pedali hizohizo. Mimi pedali sina, nina ndala. Kijana akanionyesha kwamba kijiti changu kinazungushika kama kifuniko cha chupa, na mzunguko huo ndio miguu. Basi nikawa natembea kwa kiganja.

Mkono wa mafuta nao ulikuja kinyume. Nasukuma mbele, injini inasinzia. Narudisha nyuma, inanguruma. Nilikuwa tayari kuirudisha joistiki dukani na maneno makali, mpaka kijana akaweka alama moja tu kwenye mipangilio, sehemu iliyoandikwa geuza. Maneno yangu makali nikayameza.

Uwanja wa Dar una njia ya mita 4,600. Cessna hii mita 400 zinaitosha kunyanyuka. Mimi nilizimaliza zote 4,600 nikaingia Vingunguti kwa magurudumu. Wanasema ikifika noti 55 uvute kijiti taratibu. Noti nilizozizoea mimi hazivuki tarehe 10 ya mwezi, lakini hizi za ndege ni mwendo, na 55 ni kama kilomita 100 kwa saa. Nikavuta. Pua ikapanda, nikafurahi, nikavuta tena. Bawa likiinuliwa kupita kiasi upepo unaliachia, na ndege inadondoka hata kama injini inapiga kelele. Sasa sikiliza dawa yake: unasukuma pua ielekee hukohuko unakodondokea, mpaka mwendo urudi. Nani mwenye akili timamu anafanya hivyo mara ya kwanza? Mimi nilizidi kuvuta. Nilianguka mara tisa kabla ya chakula cha mchana.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kushoto. Nikiwa juu, sijagusa kitu, ndege inalalia kushoto. Nililaumu upepo. Nikasoma kwamba wakati wa kupaa pangaboi huivuta ndege kushoto, nikafurahi kupata mshtakiwa, ila mimi nilikuwa nimeshapaa zamani. Mama Asha alisema ni laana ya mchele. Ukweli ni kwamba siku ya kuipima joistiki kompyuta iliniambia nikiache kijiti katikati, nisikiguse, kisha nikizungushe hadi mwisho wa kila upande. Nami nilikuwa nimekiegemea kwa kiwiko huku nakunywa chai. Kompyuta ikaamini kwamba katikati ni pale kiwiko kilipokisukumia.

Tukapima upya, kikombe kikiwa jikoni. Kijana akaongeza na kipande kidogo cha katikati ambacho kijiti kikitikisika ndani yake, kompyuta inajifanya haijaona. Nimetamani kipande hicho niwekewe na mimi humu ndani.

Juzi nilivuka bahari. Kutoka Dar hadi Unguja ni kilomita kama 70, na nilikiona kisiwa kwa macho yangu, kwenye kioo. Nilitua vizuri kabisa, isipokuwa nilitua majini.

Jumamosi tuna harusi Unguja. Mama Asha ameshakata tiketi za boti ya saa moja asubuhi. Amekata mbili, yake na ya kijana. Nilipouliza yangu, akaniambia, "Wewe Baba Asha, si una ndege?"