Namna ya Kumaliza Riwaya ya Huzuni Bila Kumalizika

Sogea karibu, ndugu msomaji. Haya hayafundishwi darasani, na mwalimu wako wa fasihi asijue kuwa umeyasikia kwangu.

1. Anza na ukurasa wa mwisho. Watakwambia umejiharibia utamu, waache waseme. Ukimsoma Euphrase Kezilahabi huna budi kufanya hivyo. Katika Rosa Mistika (1971), Rosa anajiua. Katika Kichwamaji (1974), Kazimoto anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anahukumiwa kunyongwa. Ukishajua nani atakufa, moyo unatulia na macho yanafunguka: unaacha kuuliza kitatokea nini, unauliza kilianzia wapi. Msiba wa Rosa ulianzia nyumbani, kwa Zakaria, baba mlevi aliyempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Lilia hapo. Ukingoja hadi kaburini utakuwa umechelewa.

2. Iba machozi. Kila mtu ana uchungu asioweza kuutaja mbele za watu: mchumba kaondoka, biashara imekufa, ndugu hawasemezani. Shika riwaya, lia ushibe. Ukiulizwa, sema unamlilia Rosa. Hakuna atakayekuchimba zaidi, na utaonekana msomi juu yake. Heshima hiyo ichukue, usione haya, nani asiyeipenda?

3. Mawazo ya Kazimoto juu ya utupu wa maisha usiyasome usiku wa manane. Yasome asubuhi, ukishakunywa chai.

4. Usikubali hesabu ya waandishi. Msiba unaisukuma hadithi, amani haiisukumi. Basi mwandishi anaipitia miaka mitano ya ndoa tulivu kwa sentensi moja, kisha anaupa usiku mmoja wa ugomvi sura nzima. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Lakini nasi tumeiga. Muulize mtu habari za mwaka mzima, atakuhesabia mazishi, madeni na homa, na siku zote alizokula vizuri, akacheka na wanawe, akalala bila deni la usingizi, hazitaji kabisa. Hapa fanya udanganyifu mmoja mtamu: chukua kalamu, umjazie mwandishi ile miaka mitano aliyoiruka. Nani alikuwa akiamka mapema? Walikuwa wakitaniana nini jikoni? Ukizoea kuyajaza ya kwao, utaanza kuyaona ya kwako.

5. Weka riwaya ya Utubora Mkulima kando ya kitanda. Ilitoka 1968, miaka sita baada ya Shaaban Robert kufariki. Utubora anaiacha kazi ya mshahara mjini, anakwenda kulima. Wapo wanaolalamika kwamba Utubora ni mwema kupita kiasi. Mimi nasema Shaaban alijitwika mzigo mzito kuliko yote: kumfanya msomaji afunue ukurasa unaofuata bila kutegemea msiba. Wala usidhani aliandika hivyo kwa kutoijua huzuni. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi ambalo wanafunzi wengi wamelisoma. Mtu wa namna hiyo akikwambia kuwa jembe na shamba vinaweza kumtosha binadamu, mpe sikio.

Na mawaidha yake yakikuzidia, ruka kurasa mbili tatu hadi shambani. Nimekuruhusu.