Katoni Iliyokwenda Tanga

Katika nyumba yetu likizo ya Juni ina wenyewe, na wenyewe ni watoto. Shule zikifungwa tu, mabegi yanatupwa nyuma ya mlango na maswali ni mawili: tunakwenda lini kwa bibi Tanga, na tutakaa mpaka lini. Hivyo ndivyo ilivyokuwa miaka yote, mpaka mwaka ambao riwaya yangu ya kwanza ilitoka kiwandani.

Ilitoka mwishoni mwa Mei. Kwa mwandishi wa Kiswahili hakuna majira mazuri kuliko hayo, maana Julai ndio mwezi wetu. Tarehe 7 ni Sabasaba, na tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, wiki ile haikosi makongamano, usomaji wa mashairi na meza za vitabu. Mwandishi mwenye jina hualikwa. Mwandishi mpya huomba nafasi, na akipewa anakwenda na vitabu vyake mwenyewe. Niliomba, nikapewa robo saa ya kusoma na pembe ya meza Dar es Salaam.

Wengi hudhani kitabu kikishachapwa kazi imekwisha. Huku kwetu ndiyo kwanza inaanza. Mchapishaji mdogo hana gari la kusambaza wala mtu wa matangazo. Duka la vitabu linapokea nakala kwa mali kauli: zikiuzwa utalipwa, zisipouzwa uje uzichukue. Mwalimu anataka kwanza aone kitabu kwa macho yake. Msomaji wa Mwanza anatuma hela kwa simu, nawe unaanza kutafuta basi la kumpelekea kifurushi. Yote hayo anayafanya mtu mmoja, na mtu huyo ana watoto watatu na sufuria jikoni. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani karibu na mji wa Tanga mwaka 1909, naye alifika mahali akaanzisha shughuli yake mwenyewe ya kuchapisha vitabu huko huko kwao. Namkumbuka kila ninapofunga kamba kwenye katoni, na sioni haya hata kidogo kuuza kazi yangu kwa mikono yangu.

Likizo na kitabu vilikuwa vimegongana, basi tukakaa kikao sebuleni. Binti yetu mkubwa, aliye kidato cha kwanza, aliandika makubaliano nyuma ya karatasi ya prufu: asubuhi mama auze vitabu, kuanzia saa sita mama ni wetu, simu isiende baharini, mapango ya Amboni lazima. Baba yao akatia sahihi kama shahidi. Karatasi ile ilibandikwa ndani ya kifuniko cha katoni ili nisiweze kutoa kitabu bila kuisoma.

Stendi ya Magufuli, pale Mbezi, utingo aliinua katoni akaishusha. "Mama, hii ina mawe?" Akaisukuma ndani ya buti. Muheza abiria wengi walinunua machungwa, na gunia moja likapata makao juu ya vitabu vyangu. Tulipofika stendi ya Kange, Tanga, katoni ilikuwa imebonyea upande mmoja na kunukia machungwa, lakini vitabu vilikuwa salama.

Mama mkwe anaishi Ngamiani, kule ambako barabara zimepewa namba badala ya majina. Alitupokea barazani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndicho hicho kitabu?" Alipitisha kiganja juu ya jalada, akauliza, "Na ulipokuwa ukiandika usiku, watoto alikuwa nao nani?"

"Mimi, mama," akajibu mwanawe.

Hakuuliza zaidi. Aliingia ndani kutuletea mbaazi za nazi na mahamri.

Siku za mwanzo makubaliano yalishika. Asubuhi nilizunguka kwa bodaboda kwenye maduka ya vitabu na nyumbani kwa walimu wa Kiswahili waliokuwa likizo, na mchana nikawa wa watoto. Kisha ikaja simu. Kituo kimoja cha redio kilitaka nifike saa nane mchana kuzungumza juu ya kitabu, na mchana huo ndio tuliopanga kwenda Amboni. Watoto hawakusema neno. Walikwisha kuvaa viatu.

Nilikwenda Amboni. Naliandika hili wazi kwa sababu najua waandishi wenzangu, hasa akina mama, wanavyobanwa na hofu kwamba wakikosa mahojiano mamoja kitabu kitakufa. Hakifi. *Vuta N'kuvute* ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999, na filamu iliyotokana nayo ilionyeshwa mara ya kwanza 2021, miaka 22 baadaye. *Rosa Mistika* ya Kezilahabi ilitoka 1971 na bado inasomwa. Kitabu kizuri kina subira. Mtoto wa miaka tisa hana, wala hapaswi kuwa nayo, maana Juni ijayo atakuwa na kumi na huenda asitake tena kushikwa mkono gizani. Pale mapangoni, kilomita 8 hivi kaskazini mwa mji, alinishika mkono mwanzo mpaka mwisho huku mwongozaji akitumulikia popo darini na kutusimulia habari za mtoro Osale Otango aliyejificha humo miaka ya hamsini. Redio walinipangia siku nyingine. Wasingenipangia, ningekwenda Amboni vilevile.

Sasa nifike kwenye msiba wa ufukweni Raskazone.

Ilikuwa Jumamosi, na kundi la walimu lilikuwa limenikaribisha baada ya alasiri, nyumba ya jirani na ufukwe. Tukaona hakuna haja ya kurudi Ngamiani katikati. Katoni ikapanda bajaji pamoja na mataulo, chupa za maji na samaki wa kukaanga. Tuliiweka juu kabisa ya mchanga, karibu na mizizi ya miti, mahali pakavu kabisa. Watoto wakaigeuza meza. Tulikula juu yake, tukatandika kanga, tukaingia majini wote watano.

Mwezi ulikuwa mpevu siku hiyo, na anayekaa pwani anajua maana yake: ni bamvua. Maji yalikuwa yamekupwa mbali mno, na yanapokupwa hivyo, yakirudi hurudi kwa kishindo. Kusi nalo lilikuwa likivuma. Kitinda mimba ndiye aliyeona kwanza. "Meza yetu inaogelea!" Mume wangu alikwenda mbio, maji yakiwa magotini. Alipoinyanyua, kitako cha katoni kikaachia, na safu nzima ya chini ikadondoka baharini. Tuliokota vitabu pamoja na samaki wetu. Kimoja kilichukuliwa na wimbi na hatukukiona tena.

Nililia. Sikulilia hela. Vilikuwa vitabu vya Julai, vya ile pembe ya meza. Mume wangu aliwapigia walimu simu, wakatuelewa, na tukarudi Ngamiani tumebeba riwaya ndani ya taulo.

Mama mkwe hakupoteza muda kutupa pole. "Maji ya chumvi hayakauki," alisema. "Utadhani pamekauka, usiku pananyonya unyevu tena." Akaleta beseni la maji baridi. Kitabu kimoja kimoja alikishika kikiwa kimefungwa, akakichovya mara moja, akakikandamiza katikati ya kanga mbili kuukuu mpaka maji yakaacha kutoka. Kisha akaamuru kitanda cha kamba kitolewe barazani, kwenye kivuli, kwa sababu jua kali hukunja karatasi. Vitabu vikasimamishwa juu ya kamba, kurasa zimeachanishwa, upepo ukipita chini na juu. Kurasa zilizong'ang'aniana tuliziachanisha kwa ncha ya ukili na kupachika vipande vya gazeti, na kila gazeti lilipolowa likabadilishwa. Kazi ya kugeuza kurasa walipewa watoto, kwa sharti la kufuta mikono kwanza.

Na mtoto hawezi kugeuza kurasa siku nzima asisome. Binti mkubwa alianza kusoma kwa sauti ili wadogo wasichoke. Nilikuwa jikoni nikimenya mihogo niliposikia maneno yangu yakitoka barazani kwa sauti ya mwanangu. Riwaya ile ni ya mkata mkonge, na mkata mkonge huyo nilimchota kwa marehemu baba mkwe, aliyekata mkonge ujana wake wote. Huo ni mmea ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa vizazi vizima ukaamua nani Tanga atakula na nani atalala njaa. Binti alifika pale mzee anaporudi jioni, mikono imechomwa na miiba ya majani, na mkewe anampaka mafuta ya nazi bila kusema kitu.

"Soma tena hapo," alisema mama mkwe.

Akasoma tena. Mama mkwe akauliza niliyajuaje yale mafuta, nikamwambia mwanawe ndiye aliyenisimulia, kwani alikuwa akiwaona kutoka mlangoni alipokuwa mdogo. Aliitazama mikono yake muda mrefu. Kwangu mimi hayo ndiyo mapokeo ya kitabu, na sitarajii makubwa zaidi popote pale.

Baraza la Ngamiani halina siri. Jirani mmoja akasimama, mwingine akaketi. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi korona, mahali mkonge unapochakatwa, alisikiliza sura nzima kisha akanisahihisha: tita ni majani 30, na mnyapara alikuwa akilihesabu mbele yako, na kipande, yaani kadi ya kazi, hakikujaa kwa siku za kalenda, kilijaa kwa siku za kazi, 30, za kweli. Niliandika kila neno. Toleo la pili likipatikana, yatakuwemo. Mzee akataka kununua. Nikamletea nakala kavu kutoka safu ya juu, akaikataa. Alitaka ile iliyolowa, aliyosomewa. Nikampa kwa nusu bei, akaniudhikia, akalipa kamili.

Vitabu vilivyolowa vilikwisha kabla ya vikavu. Vilinunuliwa na watu ambao hawangeingia duka la vitabu, kwa noti zilizofunguliwa kutoka kwenye pindo za kanga, na hesabu yote iliwekwa na mtoto wa kati katika daftari lake la hisabati.

Zilipobaki siku chache kabla ya Sabasaba, binti mkubwa aliitisha kikao kingine. Ile karatasi ya makubaliano ilikuwa imelowa, wino umetambaa, kwa hiyo akaandika nyingine: mama asome robo saa yake, halafu wote waende viwanja vya maonyesho kupanda bembea mpaka jioni. Pia mama asisome peke yake. Ile sehemu ya mafuta ya nazi aisome binti mwenyewe. Nilikubali yote.

"Na mimi nitakaa wapi?" akauliza mama mkwe.

Tulidhani anauliza mambo ya hapo barazani. Kumbe alikwisha kutoa baibui la safari sandukuni. Mume wangu akavaa viatu akaenda Kange kukata tiketi ya sita.